Mgongo wa Mkwe

Mzee Tokuichi alitembea juu ya mapaa ya watu maisha yake yote ya kazi. Alipanga vigae huku upepo wa bahari unamvuta shati na theluji inampiga usoni, na hakuwahi kuanguka hata siku moja. Akaja kuanguka kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe, ngazi ambayo hata kuku angeiruka bila kufikiri, akiwa na karai mkononi na taulo begani, anakwenda kwenye bafu la mtaa. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Watu wa Namerikawa, mji wetu wa pwani ya Japani, au tuseme sisi wa upande huu wa bandarini, tulimhurumia kwa mdomo na wengine tukamcheka kwa siri, maana mzee yule ana kisirani, na miaka yote alikuwa akituambia kwamba hatujui kutembea.

Hospitali wakamtia chuma, wakamfundisha kujikokota na fremu ya kushikilia, wakamrudisha nyumbani. Kula akawa anakula. Chooni akawa anajikongoja, anatukana njia nzima, anafika. Jambo lililomshinda ni kuoga. Mtu aliyekuwa wa kwanza kusimama mbele ya bafu kila alasiri, kabla hata pazia la mlangoni, dalili ya kwamba bafu limefunguliwa, halijatundikwa, sasa ilikuwa wiki ya tatu hajaingia majini.

Chizuru, binti yake wa pekee, mpishi wa shule, alijaribu kumwogesha mara moja. Aliteguka kiuno, na mzee akageuzia uso ukutani kwa haya. Likaja gari jeupe la kuogeshea wazee majumbani, lililochorwa maua ubavuni, limebeba wanawake wawili wenye aproni na tabasamu. Mzee akaushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Mwanamke ataniosha nikishakuwa maiti," akawaambia. "Sasa hivi bado nina ubishi."

Gari likaondoka. Harufu ikabaki, ikakua.

Bi Okubo wa nyumba ya pili, ambaye zamani alikuwa akileta figili za chumvi na kukaa mpaka chai inapoa, siku hizi alikomea mlangoni na kusema ameacha sufuria motoni. Sufuria hiyo ilikuwa motoni juma zima. Kule zahanati muuguzi alimwomba mzee akae kiti cha mwisho, kisha akafungua dirisha, eti hewa iingie, mwezi wa pili, theluji imefika magotini. Mzee aliporudi nyumbani alimwambia Chizuru kwamba kuanzia leo chakula chake apelekewe chumbani. Chizuru alimpelekea sinia, akarudi jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Ndipo alipokuja Bwana Nishiwaki wa ofisi ya huduma za wazee, mtu wa sauti laini na soksi nyeupe pee.

"Imepatikana nafasi," alisema, magoti yamekunjwa vizuri mbele ya meza. "Ni makao mazuri, kule juu milimani. Mzee anaweza kuingia Jumatatu. Lakini wanaongoja ni wengi. Ijumaa saa kumi na moja jioni watapiga simu. Mkikubali, ni yenu. Mkikataa, anapewa mwingine, na sijui lini itatokea tena."

"Na kuoga?" Chizuru aliuliza.

"Wana mashine. Mtu anakaa kitini, kiti kinashuka majini chenyewe."

"Kama gari gereji," mzee akasema kutoka chumbani, mlango umefungwa.

"Tatizo la nyumba hii ni kuoga tu," Bwana Nishiwaki akaongeza, sauti ikazidi kulainika. "Kama angekuwapo mtu mwenye nguvu wa kumshika, mimi nisingewaambia habari za makao."

Wote wawili wakamtazama Selorm. Selorm akaitazama chai yake.

Huyu Selorm ndiye mume wa Chizuru, mtu wa Keta, kule Ghana, mwenye mabega ya kuziba mlango. Kiwandani anakofanya kazi, kwenye kiwanda cha samaki wa kusaga, yeye ndiye anayeitwa kitu kikiwa kizito. Miaka sita ameishi katika nyumba ile. Anakula ngisi mbichi kuliko wenyeji, anakoroma kwa lafudhi ya hapa hapa, na theluji ya nusu ya mtaa wetu anaikwangua yeye. Kumbeba mzee mmoja mkavu kungemshinda nini?

*

"Niambie tu," Chizuru alisema Bwana Nishiwaki alipokwisha kwenda. Alikuwa anakata vitunguu, na kisu kilikuwa kinagonga kibao kwa hasira. "Niambie hutaki, nijue."

"Si kwamba sitaki."

"Mkono unakuuma?"

"Hapana."

"Jana ulisema mkono. Juzi ulisema zamu ya kazi. Mwaka ule tulipooana baba alikutupia taulo mkaoge pamoja, ukasema tumbo. Selorm, hilo tumbo linakuuma miaka sita?"

"Chizuru, kuna mambo..."

"Mambo gani? Unaona haya watu wakikutazama mwili? Walishakuzoea! Mwenye bafu mwenyewe ananiuliza mume wako ana kidonda gani anachokificha."

Chizuru akafuta macho kwa kiwiko.

"Vitunguu," akasema.

Sisi wa hapa mwanamume hatumjui mpaka tumeoga naye. Hapo ndipo watu wanapokuwa ndugu, wameketi kwenye vigoda bila kitu, huyu anamsugua yule mgongo, wanasengenya serikali. Mzee Tokuichi hakuwa na mtoto wa kiume, na siku ya harusi ya Chizuru, pamoja na kununa kwake kote, kuna kitu kimoja alichokifurahia: amepata wa kumsugua mgongo. Akaomba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tumbo, homa, kazi. Mwaka wa pili akaacha kuomba. Na nyumbani je, siku ambazo bafu la mtaa limefungwa? Mzee akitoka kwenye hodhi ya kuogea, maji yanabaki ya moto na safi, kwa kuwa mtu hujisugua nje kwanza, binti anaingia baada yake, lakini mkwe anajimwagia maji ya bomba wima na kwenda zake kulala. Mzee aliona. Tangu hapo hakumwita jina tena. Alikuwa akisema "yule wa juu", kwa vile chumba chao kiko ghorofani.

Kumbe mwenzake alikuwa na lake. Kwao Selorm mtu hamwoni baba wa mkewe bila nguo. Mbele yake huinami hovyo, humpiti ukiwa kifua wazi, huingii maji aliyoogea, seuze kukaa naye uchi mkisuguana migongo! Aliyewahi kumfumania mkwewe mtoni alihama mji kwa fedheha. Angewaelezaje watu hawa waliompa binti na chumba? Awaambie kwamba mji wao mzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi muuza ngisi, hauna haya? Akaona afadhali tumbo limuume. Ndivyo heshima ilivyomfanya aonekane mtu wa dharau, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakumwambia mtu.

*

Alhamisi, mapumziko ya alasiri, alikwenda nyuma ya kiwanda kwenye makreti matupu akampigia simu mama yake. Keta ndiyo kwanza kunakucha. Mama Abla alikuwa anafunga vitunguu vyake mafungu ya sokoni.

"Nani kafa?" mama akauliza.

"Hajafa mtu, Mama. Ni baba mkwe. Hawezi kuoga mwenyewe."

"Maskini. Wamwogeshe vijana wake."

"Hana vijana. Nipo mimi."

"Wewe?" mama akasema. "Baba mkwe? Uchi wa mnyama?"

"Ndiyo, Mama."

"Yesu wangu! Huko Japani kote wameisha wanaume?"

"Nisipomwogesha wanamchukua makao ya wazee. Jumatatu."

"Makao ndiyo nini?"

Selorm akaeleza. Alieleza habari ya mashine pia. Mama Abla akaacha vitunguu.

"Wanamshusha majini na mashine," alirudia polepole. "Na wewe uko hapo hapo nyumbani, umeshiba."

"Ndiyo maana nakupigia."

"Ulitaka nikukataze?"

Kweli, hicho ndicho Selorm alichotaka.

"Basi sikukatazi. Funga macho."

"Mama, nitamwoshaje nimefunga macho?"

"Kwani sabuni ina macho? Mimi nilikuogesha wewe gizani, taa haina mafuta, na ulitakata. Funga kitambaa, muoshe mzee wa watu, umalize, utoke. Na usimsimulie mtu yeyote hapa Keta. Mimi mwenyewe hukunipigia."

Akakata simu kabla hajashukuriwa.

*

Ijumaa Selorm aliomba ruhusa akarudi mapema. Alimkuta mzee chumbani mbele ya televisheni, anatazama mtu anayefundisha kupika kabichi. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa amelifungua mwenyewe, anatetemeka.

"Baba, nimekuja kukuogesha."

Mzee hakugeuka. "Nani?"

"Mimi."

"Wewe ambaye maji yangu hutaki hata kuyatia mguu."

"Leo nataka, Baba."

"Ametumwa huyu," mzee akaiambia televisheni. "Chizuru amemtuma."

"Chizuru hajui. Yuko juu anakunja nguo zako."

Hakukusudia kumchoma, lakini neno lilikuwa limetoka. Nguo zinakunjwa za kuondokea. Mzee alizima televisheni, akakaa akiitazama hivyo hivyo ikiwa nyeusi. Shingo yake ilikuwa imekonda. Selorm, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimwogopa, aliona kwamba mzee naye anaogopa, na moyo ukamuuma vibaya.

"Siendi kwa watu nisiowajua nikiwa ninanuka," mzee akasema mwishowe. "Washa maji."

Selorm aliingia bafuni amevaa kama anavyovaa kazini: aproni ndefu ya mpira, buti nyeupe, glavu. Alimbeba mzee akamketisha kwenye kigoda na yukata, joho lake jepesi la pamba, mwilini.

"Umekuja kuniosha au kunipaa magamba?" mzee akauliza.

"Naogopa kulowa, Baba."

"Bafuni."

Selorm akasimama nyuma yake, akachomoa kitambaa cha kichwani chenye picha ya samaki wa kiwanda, akajifunga machoni mafundo mawili. Kisha akamvua mzee nguo kwa kupapasa, akapapasa kopo, akapapasa sabuni, akaanza.

"Hilo ni sikio."

"Samahani, Baba."

"Hapo umekwisha kuosha. Mara ya tatu sasa. Mimi nina mabega mawili, si bega moja!"

"Naam."

"Sabuni unaniletea mdomoni, unataka nile? We! Mbona unaosha ukuta..." Mzee akageuza kichwa. Akaona kitambaa.

Maji ya bomba yalikuwa yanakwenda.

"Cha nini hicho?"

Selorm alitafuta neno la Kijapani la jambo lile, hakulipata.

"Basi. Nimeelewa," mzee akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali tena, na hiyo ndiyo iliyomtisha Selorm. "Harufu unaivumilia, umezoea samaki. Ni kuniona. Kuniona ndiko kunakokutapisha. Miaka yote."

"Sivyo, Baba!"

"Toka."

"Baba, nisikilize."

"Toka! Nimepanda mapaa ya mahekalu mimi, siwezi kushindwa na kigoda!"

Akajikaza, akasukuma kigoda, akainuka. Mguu mmoja ulikuwa na chuma na mwingine ulikuwa na sabuni. Selorm alisikia kigoda kinateleza kwenye vigae. Aling'oa kitambaa usoni akaruka kama alivyo, na buti zake, akamdaka mzee kwapani wakaenda chini wote wawili, mzee juu, aproni chini, kichwa cha Selorm kikagonga hodhi ko!

"Umevunjika?" Selorm akauliza.

"Niachie nipumue."

"Umevunjika, Baba?"

"Sijavunjika! Kichwa chako ndicho kimelia."

Mzee alikuwa amemkalia mapajani, mwili mtupu, povu kichwani kama aliyevaa kofia. Selorm alimwona mwili wote. Aliona mshono mwekundu wa nyongani, na mbavu, na makovu ya mabegani alipokuwa akiegesha vigae tangu ujana wake. Machozi yakaanza kumtoka bila kizuizi.

"Nimekuona," akasema.

"Umeona nini? Mzee. Kwenu hakuna wazee?"

"Kwetu mtu hamwoni baba wa mkewe hivi. Ni mwiko, Baba. Ukimwona umemvunjia heshima, unahama hata mji. Si kinyaa. Wala mwaka ule tumbo halikuwa linaniuma. Nilikuwa nakuheshimu."

Mzee alimwangalia usoni kwa karibu sana, kwa kuwa hakukuwa na umbali mwingine wa kumwangalia.

"Miaka sita unaniheshimu?"

"Ndiyo."

"Na mimi miaka sita nakuchukia." Akapangusa povu jichoni. "Mbona hukusema, mpumbavu mkubwa wewe?"

"Ningesemaje? Niwaambie mji mzima hauna haya?"

Mzee akafikiri.

"Kweli hauna," akasema. "Na mwenye bafu ndiye wa kwanza. Ungemwona anavyojikuna."

Akaanza kucheka. Kicheko kilikuwa kimekaa siku nyingi bila kutumika, kikatoka na kikohozi, na Selorm akampiga mgongoni kukitoa, na yeye akacheka huku kamasi zinamtoka. Chizuru, aliyekuwa ameshuka mbio kwa ule mshindo, alisimama nje ya mlango na sweta la baba yake mkononi. Hakufungua.

Basi Selorm akamwosha mzee kwa macho mawili. Alimwosha kichwa, shingo, kwapa, katikati ya vidole vya miguu, akabadilisha maji, akaanza upya. Uchafu wa wiki tatu ulikwenda shimoni. Kisha akamwinua, akamshusha kwenye hodhi kidogo kidogo, maji yakapanda mpaka kidevuni, na mzee akatoa ule mguno ambao watu wetu huutoa wakiingia maji ya moto, mrefu, wa kutoka tumboni. Nje ya mlango Chizuru alikaa chini sakafuni. Alikuwa amedhani hatausikia tena katika nyumba ile.

"Sasa wewe," mzee akasema alipokwisha kupata pumzi. "Vua hilo pazia la mpira."

"Baba, mimi nitaoga baadaye."

"Vua."

"Mama yangu alisema..."

"Mama yako yuko Keta. Ameniona mimi? Hajaniona. Vua, sogeza kigoda hapa karibu na hodhi, nipe mgongo."

Selorm akavua aproni. Akavua buti. Vingine alivivua akiwa amefumba macho, kana kwamba akifumba yeye na mwenzake haoni. Akaketi kwenye kigoda kilichomezwa na mwili wake, magoti yamefika kidevuni. Mzee akaegemea ukingo wa hodhi, akanyoosha mkono, akaweka kitambaa chenye sabuni kwenye bega la mkwewe, akaanza kusugua. Alisugua kwa nguvu, kama mtu anayekwangua paa, akishuka mstari kwa mstari.

"Polepole, Baba."

"Kaa kimya. Hujaoshwa wewe tangu ufike nchi hii."

Kule ukumbini simu ikalia.

Iliita mara kadhaa kabla Chizuru hajainuka kuipokea. Wakamsikia anaitikia, ndiyo, ndiyo, asanteni sana, samahani mnisubiri kidogo. Nyayo zake zikarudi. Alisimama nje ya mlango wa bafu wenye mvuke, kivuli chake kimeshika simu kifuani.

"Baba," akasema. "Ni watu wa makao. Wanataka jibu. Niwaambie nini?"

Mkono wa mzee ulisimama katikati ya mgongo. Selorm alitaka kusema kitu, lakini jibu lile halikuwa lake.

Mzee akachovya kitambaa majini, akakikamua.

"Waambie nafasi wampe mwingine," akasema. "Waambie mimi nina kazi. Naosha mgongo wa mwanangu, na mgongo wenyewe mpana kama nini, leo siumalizi."

Chizuru akarudisha simu sikioni, akawaambia hivyo hivyo.